Mkutano Uliofanyika Mwambani

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyomwona mhadhiri wa chuo kikuu amesimama juu ya mwamba katikati ya bahari iliyokupwa, suruali kaikunja mpaka magotini, viatu kavishika mkononi, anawasikiliza wanawake wa kisiwa cha Juani. Wanawake wenyewe ni sisi, kanga tumezifunga viunoni, kila mmoja na kijiti chake cha kuchokolea pweza. Sikuwahi kuona jambo kama lile, na tangu hapo sijaliona tena.

Nakuandikia wewe uliyechaguliwa kusoma shahada ya ustawi wa jamii, au ya maendeleo ya jamii, au ile nyingine yenye jina refu ambayo vijana wetu wananitajia kila mwaka na kila mwaka nasahau. Mimi niliishia darasa la nne. Ya chuo sikufundishi, wenyewe wapo. Ila nimepitiwa na watu wa kazi hiyohiyo unayoisomea. Mmoja aliniumiza, mmoja alinifaa, na wote wawili walikuwa wamesoma. Nikusimulie, kisha utajua mwenyewe wa kumfuata.

Kwanza nikueleze jambo, maana huenda wewe ni mtu wa bara. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huku kwetu ni bamvua. Bahari inakwenda mbali, na ikifika saa nne za asubuhi mwamba wote uko nje, unatembea juu yake kama uwanja. Hizo ndizo siku za pweza. Baada ya hapo yanakuja maji mafu, bahari haiendi popote, na wanawake tuko nyumbani tunasuka ukili au tuko shambani. Siku ya bamvua saa nne asubuhi, pita kijiji kizima, mwanamke utakayemkuta ni mgonjwa, au mzazi aliye ndani, au bibi asiyeweza tena kutembea. Jambo hili hakuna anayefundishwa. Mtoto wa Juani anakua nalo.

Sasa sikiliza. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa ingali changa, na kila aliyekuwa na jambo la kuwafanyia watu wa visiwani alikuja. Ukija msimu huu unakuta mradi, msimu ujao unakuta mwingine. Mmoja ulikuwa mdogo tu, haukuwa wa serikali wala wa hifadhi, na leo hata kibao chake hukioni. Huo ulituletea boti ya injini kwa ajili ya wagonjwa. Kisiwa chetu hakina njia nyingine ya kutoka, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni: uvuke kwanza hadi Utende, kisha upande gari. Boti ile tuliipokea kwa vigelegele. Nilikuwa na mimba changa, nilipiga vigelegele na mimi.

Mtaalamu wa ule mradi aliitwa Bwana Eliya. Kijana nadhifu, msomi, sauti yake ya upole. Akataka uitwe mkutano wa kijiji uamue boti ikae wapi na nani aisimamie. Akamwomba siku mwenyekiti wa kijiji chetu, Makame Shomari, na Makame akampa siku ya bamvua, saa nne asubuhi.

Makame amezaliwa hapahapa. Mama yake alikuwa anachokoa pweza. Alijua.

Bwana Eliya akafika, akakuta wanaume watupu. Nasikia aliuliza, "Wanawake wako wapi?" Makame akamjibu, "Wanawake wetu hawapendi mikutano, bwana. Tutawaambia wenyewe majumbani." Basi. Mtu mwenye shahada akaridhika na jibu hilo, akafungua kikao. Akasimama Fadhili Kombo, mnunuzi wa pweza, rafiki wa Makame, akasema boti ni bora ikae ng'ambo, Utende, kuna mlinzi, na mafuta yanapatikana. Wanaume wakaitikia. Sisi tuliporudi na vikapu vyetu mchana, jambo lilikwisha, na tukaambiwa tumekubali.

Boti ya wagonjwa ikawa boti ya Fadhili. Ilibeba barafu, ilibeba pweza, ikatoka Utende kwenda visiwa vingine na kurudi. Uchungu uliponishika mimi ukakwama, mume wangu Salumu alimtuma mtu ng'ambo mbio. Mtu akarudi peke yake. Boti imekwenda kisiwa cha Bwejuu kuchukua pweza. Wakanilaza kwenye ngarawa, na siku hiyo upepo ulikuwa umelala kabisa, wakapiga kasia mpaka mikono ikachubuka. Daktari wa Kilindoni aliniokoa mimi. Mtoto hakumkuta hai. Alikuwa wa kike, na baada yake sikuzaa tena.

Kwa hiyo nawataja: Makame Shomari, Fadhili Kombo, Bwana Eliya. Watu huniambia, Zaituni, yamepita hayo, samehe. Nimesamehe, na kila Ramadhani nasamehe upya, Mungu shahidi. Lakini nikisimulia kisa siwezi kusema "watu fulani". Mtoto wangu hakuzuiliwa na watu fulani. Makame yu hai, macho yanaona, na haya akitaka atasoma.

Haya, tuendelee, usije ukadhani nimekuita hapa nikulilie.

Ukapita mwaka na zaidi. Boti ingali Utende. Wifi yangu Mwanahawa, mke wa mdogo wake Salumu, akawa na mimba yake ya kwanza. Binti mdogo wa umbo, kiuno chembamba kama cha mwanafunzi. Mama mkwe wangu, Bi Hidaya, ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, akampapasa tumbo, akampapasa tena, akamfunika kanga. Baadaye akatuambia mtoto amelala kikingamo. "Huyu mimi simzalishi," alisema. "Huyu akazalie hospitali, na safari yake haingoji mtu arudi na pweza." Mwezi wa kujifungua ulikuwa unakaribia. Nyumba nzima tukawa tunafikiria boti, na hakuna aliyekuwa anaitamka mbele yangu.

Hapo ndipo alipoletwa Agripina.

Agripina alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anasomea mambo haya unayosomea wewe, ametumwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Wenyewe wanaita fildi. Mtoto wa Njombe, alikuwa hajawahi kukanyaga maji ya chumvi. Alishuka botini anatetemeka, amevaa koti la baridi kwenye jua lile, na watoto wakamcheka mpaka wakakaa chini. Kwetu kulikuwa na chumba kitupu. Unaelewa kilikuwa cha nani. Akapewa hicho.

Mimi sikumtaka. Alikuwa anaamka ananisalimu, "Shikamoo, dada," nami naitika "Marahaba" nikiwa nimeshampa kisogo. Ananiuliza, "Dada, hapa watu hufanya kazi gani asubuhi?" Namjibu, "Waulize wenyewe." Chakula nampakulia, naondoka.

Asubuhi moja Bi Hidaya akaniita uani. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, na hakunyanyua macho.

"Zaituni, mgeni ana wiki humu ndani. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia maji ya kuoga yako pale."

"Na jingine?"

"Sina jingine, mama. Ni walewale."

Akaacha kukuna. "Walewale akina nani? Huyu mtoto alikuwepo kwenye kikao cha Makame?"

"Hakuwepo."

"Ndiye aliyeipeleka boti Bwejuu?"

"Mama, na wewe..."

"Nakuuliza, nijibu."

"Siye."

"Basi unamnunia kwa dhambi ya nani? Eliya yuko kwao anakula na kulala, hana habari kama wewe umenuna. Anayejua kuwa umenuna ni huyu mtoto wa watu. Na mwingine atakayejua ni Mwanahawa, siku yake ikifika. Huyu ametumwa kuuliza. Mwenye la kumwambia katika kisiwa hiki ni wewe kuliko mtu yeyote, na wewe ndiye umefunga mdomo. Hasira yako ni haki yako, mwanangu, sikupokonyi. Lakini usiwalishe wasiohusika."

Akarudi kwenye nazi yake. Bi Hidaya hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nilisimama pale nimekasirika, kisha nikakaa, kisha nikachukua kifuu nikawa nakizungusha mkononi. Kila nililotaka kumjibu lilikuwa la kijinga.

Jioni tulipomaliza kula nikamsimulia Agripina, mwanzo mpaka mwisho. Mtoto wa kike, ngarawa, pweza wa Fadhili, vyote. Hakuandika. Hakuniambia "pole sana dada" kwa ile sauti ya semina. Alikaa amekumbatia magoti. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Dada Zaituni, na mimi mkutano wangu wamenipangia Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Jumanne ni siku gani baharini?"

Bi Hidaya akachungulia mwezi mlangoni, akacheka kwa pumzi. "Jumanne, mjukuu wangu, ni bamvua."

Siku ya pili tukaenda kwa Makame. Mimi nilikaa ukumbini na mkewe, na maneno ya barazani nayasikia yote.

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba tuusogeze mkutano. Jumanne wanawake wako mwambani."

"Marahaba. Wanaume wapo."

"Jambo lenyewe ni boti ya wagonjwa. Na wajawazito si wanaume."

Makame akacheka. "Wajawazito wana waume, binti. Wewe si umesema mwalimu wako anatoka Dar es Salaam siku hiyohiyo kuja kukuona unavyofanya kazi?"

"Ndiyo. Siku yake haibadiliki."

"Basi tumemaliza. Akija anakuta watu, viti, soda, mkutano umetulia, unapata maksi zako unarudi kwenu Njombe na shahada. Au unataka aje akute viti vitupu? Maana na mimi ataniuliza, huyu mwanafunzi mmemwonaje? Nikimwambia amekuja kutugombanisha na wake zetu?"

Mkewe Makame aliinamisha kichwa, akawa anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Njiani Agripina alitembea mbele yangu kwa haraka. Nyumbani akaniambia yaliyokuwa moyoni. Alikuwa mtu wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Mama yake anauza viazi barabarani, na mji mzima unangoja. Msimamizi wake asiporidhika na fildi, mwaka unarudiwa, na kwao hakukuwa na mtu wa kumlipia mwaka mwingine. Nilimwelewa. Ningekuwa mimi, sijui. Nilimwambia ukweli wangu: "Fanya mkutano wa Makame, mdogo wangu, upate shahada yako. Sisi tumezoea." Nilisema kwa wema kabisa, na nadhani ndiyo maneno yaliyomuuma kuliko yote.

Alishinda siku mbili anazunguka. Asubuhi ya tatu alikuja jikoni nikiwa napuliza moto, akachuchumaa.

"Dada, kama ninyi hamwezi kupanda kuja mkutanoni, mkutano hauwezi kushuka?"

"Kushuka wapi?"

"Huko mwambani."

Nilicheka mpaka moshi ukanipalia. Nilipoacha kucheka yeye bado alikuwa ananitazama.

Basi Jumanne ikafika. Makame amepanga viti chini ya paa la shule, kitambaa mezani, soda kwenye ndoo. Sisi tumeshashuka zamani, tuko kazini. Yaliyotokea huko juu nilisimuliwa na Salumu. Mhadhiri, ambaye wao walimwita Dokta Tumaini, mtu mnene wa makamo, alishuka botini na mkoba wake, akakaa, akatazama kushoto na kulia, akamuuliza Agripina, "Hawa ndio kijiji chote?" Agripina akamjibu, "Hapana, Dokta. Hii ni nusu. Nusu nyingine iko kule, na kwa heshima yako na ya mwenyekiti, naomba mkutano uende kule kabla maji hayajageuka." Akaonyesha baharini.

Makame akaruka. "Dokta, huyu binti anataka kukuharibia viatu!"

Dokta akatazama bahari, akatazama viatu vyake. Kisha akainama akaanza kuvivua. Sasa Makame afanye nini? Mkutano ukienda bila yeye, yatasemwa asiyoyajua. Akaja naye, na wanaume wengine nyuma, na Fadhili Kombo aliyekuwa amevuka kwa ajili ya kikao.

Mwanangu, ungetuona. Dokta anatembea kama mtoto anayejifunza, "Hapa nikanyage? Hapa je?", na bibi mmoja kamshika kiwiko anamwonyesha penye miba. Mwingine akapaza sauti, "Mwenyekiti! Leo umekuja kuchokoa? Kijiti chako kiko wapi?" Mwingine, "Mwacheni, amemfuata Fadhili, hawaachani hao!" Kicheko kikaenda mwamba mzima. Hata Salumu, ambaye alikuwa hacheki tena siku zile, alicheka.

Agripina akasimama katikati. Alikuwa kavaa kanga za Bi Hidaya. Hakuhutubia. Akasema, "Swali ni moja. Boti ya wagonjwa ikae wapi, na ufunguo akae nao nani?"

Tulicheka, ndiyo, lakini kucheka na kusema ni vitu viwili. Hakuna mwanamke kati yetu aliyewahi kusema neno la maana mbele ya mwenyekiti na mume wake wamesimama palepale. Tulitazamana. Nikamtazama Bi Hidaya, na Bi Hidaya akawa anatazama kikapu chake kana kwamba hakuna lolote linaloendelea. Nikajua ananiachia mimi.

"Makame Shomari," nikasema, na sikuanza na cheo. "Siku ile ya mkutano wa Bwana Eliya, ulijua kuwa ni bamvua?"

"Zaituni, mambo yale yalikuwa ya Mungu."

"Mtoto wangu ni wa Mungu. Boti ni ya kwetu. Nimekuuliza, ulijua?"

Akaanza kueleza kuhusu mlinzi wa Utende, na bei ya mafuta, na injini kuharibiwa na watoto. Alieleza taratibu, neno moja moja. Nikashangaa, Makame si mtu wa kusema taratibu. Kisha nikahisi maji kwenye vifundo vya miguu, nikaelewa. Alikuwa anaingoja bahari. Maji yakijaa watu wanatawanyika, kikao kinavunjika kwa amani, hakuna uamuzi, na yeye hakukataa lolote. Ndivyo alivyokuwa Makame, anajua kutumia kila kitu.

Wanawake wote waliona nilichokiona. Na hakuna aliyesogea.

Maji yakapanda. Fadhili akawa wa kwanza kugeuka. "Tutamalizia juu, maji yanakuja." Hakuna aliyemfuata. Akasimama, akarudi. Makame akamaliza habari za mafuta akaanza za vipuri. Maji katikati ya miundi. Dokta Tumaini akamnong'oneza Bi Hidaya, lakini sote tulisikia, "Mama, hapa tuko salama?"

"Mwanangu," Bi Hidaya akamwambia, "ukiniona mimi naondoka, na wewe ondoka. Kabla ya hapo sikiliza."

Basi Dokta akasikiliza, suruali inalowa. Maji yakafika magotini mwa Makame. Vikapu tukavipandisha vichwani. Makame akamtazama mkewe, aliyekuwa miongoni mwetu, akamwambia, "Na wewe twende." Mkewe akamjibu kwa sauti ndogo, lakini alijibu, "Sema kwanza boti, mume wangu. Na binti yetu naye ataolewa na kuzaa kisiwa hikihiki."

Wallahi, nadhani ni hilo lililomshinda. Si mimi, si Dokta.

"Haya!" akasema. "Haya, haya. Boti irudi. Ikae hapa dikoni, penye ngarawa zetu."

"Na ufunguo?" Agripina akauliza, maji yameshamlowesha kanga mpaka mapajani.

"Mpeni Bi Hidaya! Mpeni yeyote anayetaka! Tutoke majini!"

Bi Hidaya akajitwisha kikapu chake, akaanza kutembea. Sote tukamfuata.

Boti ikarudi wiki ileile, ufunguo akakabidhiwa Bi Hidaya. Siku Mwanahawa aliposhikwa, ilikuwa adhuhuri, na boti ilikuwa inaelea pale dikoni na mafuta yake. Nilikuwa nimemshika mkono njia nzima. Kilindoni wakampasua, wakamtoa mtoto wa kiume anayelia kwa hasira kweli kweli, na mama yake akaamka jioni anaomba uji. Nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye benchi. Nililia kwa yule wangu, nikafurahi kwa huyu, kwa wakati mmoja, na sikuona kama kimoja kinakipunguza kingine.

Kuhusu shahada ya Agripina, aliipata. Lakini usidhani Dokta alimmwagia sifa. Usiku wa Jumanne ile, kabla hajavuka, alimkalisha kwetu, akamwambia kosa lake: alitakiwa amrudie mwenyekiti mara ya pili, amweleze mpango, ampe nafasi ya kushuka mwambani kwa hiari yake, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mbele ya watu atakuja kulipiza siku mgeni ameondoka. Na kweli, Makame alitusumbua kwa mambo madogo madogo mpaka muda wake ulipokwisha. Mimi hata hivyo sikukubaliana na Dokta, na mpaka leo sikubali. Makame angeambiwa mapema angeuhamisha mkutano mpaka Bweni, mwisho kabisa wa kisiwa kikubwa. Bi Hidaya alipoulizwa alisema wote wawili wana haki, akaenda kulala. Wewe utakapofika kwenye mtihani huo utaamua mwenyewe. Mimi nakwambia tu kwamba upo.

Nilimuuliza Agripina wazo lile alilitoa wapi. Nilitegemea aseme alilipata kwetu. Akasema hapana, ni darasani. Kuna mwalimu aliyewafundisha kwamba ukiingia kwenye kikao, kabla hujahesabu waliopo, uliza asiyekuwepo na kilichomzuia. Aliandika, akafaulu mtihani wake, akasahau. Jioni ile nilipomsimulia ndipo likamrudia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba masomo hayo ni maneno matupu. Bwana Eliya naye naamini alifundishwa. Tofauti yao ni kwamba yeye alipopewa jibu la uongo lililomrahisishia siku, alilipokea.

Basi mwanangu, ninalokuomba ni hili. Soma. Usikose vipindi, usinakili kazi ya mwenzio, kwa kuwa hujui ni neno lipi la darasani litakalokuja kumfikisha mwanamke hospitali. Ukitumwa kwa watu, usiwapangie siku kabla hujajua siku zao zikoje. Kila mahali pana shughuli inayowatoa watu majumbani, iwe ni mavuno, mnada au kisima kilicho mbali, na wenye nguvu wa pale wanaijua vizuri na watakupa saa hiyohiyo wakikuchekea. Ukiambiwa kundi fulani halipendi mikutano, nenda ukaliulize lenyewe. Mtu akinyamaza usiandike kwamba amekubali. Na ukikuta mtu amekununia bila wewe kumkosea, usikimbilie kusema watu wa huku wagumu. Huenda kabla yako alipita mwingine aliyevaa nadhifu kama wewe. Mvumilie, kaa, kula alichokupakulia. Na wewe uliye kama mimi, uliyeumizwa na mmoja wao, mtaje aliyekuumiza kwa jina lake, kisha mfungulie mdomo yule anayekuja.

Mimi sasa nimetulia. Salumu ni mzima, minazi yetu inazaa, na watoto wa wifi zangu wananiita mama bila kuambiwa. Sina ninachokidai kwenye maisha ila kwamba ninyi mnaosoma msomee watu.

Mungu akufungulie ufahamu, akupe macho ya kumwona aliyekosekana na ujasiri wa kumfuata alipo. Popote utakapopelekwa upokelewe vizuri, uagwe kwa machozi ya mapenzi, na mama yako aione siku ya joho lako akiwa na afya. Amina, mwanangu, amina.